Hedifoni ipi ununue kama uko njiani kila siku

Kabla hujauliza bei, jiulize utasikilizia wapi. Mimi nasikilizia njiani zaidi, Gongo la Mboto mpaka Kariakoo asubuhi na kurudi jioni, halafu nyumbani usiku watoto wakishalala. Mpangilio huu wa hedifoni tano umetoka kwenye maisha hayo. Nimezipima zote kwa kitu kimoja: taarab asilia ninayoijua kwa moyo, yenye kanuni (ile ala ya nyuzi za kudonoa), fidla na sauti ya mwimbaji. Hedifoni mbovu inaifunika kanuni kwa besi. Nzuri inakupa kila uzi unavyodonolewa, na unamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti.

Ya kwanza kwangu ni Sony WH-1000XM4. Ilitoka 2020, Marekani ikiuzwa dola 350, na kwa kuwa zimeshatoka nyingine baada yake, sasa inapatikana kwa chini ya hapo. Nimeiweka juu kwa sababu inazuia kelele. Ina vipaza sauti vidogo vinavyonasa kelele ya nje, kisha inatoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanafutana. Inaimudu zaidi ngurumo ya mfululizo: injini, jenereta, kiyoyozi. Honi na sauti za watu hupungua tu. Nikikaa kiti cha mbele, karibu kabisa na injini, ule mngurumo unazama, lakini konda akiuliza “Tazara wapo?” bado namsikia.

Kinachonifurahisha kuliko yote ni kwamba siongezi sauti. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima. Ukiwa na iyafoni za kawaida ndani ya daladala unapandisha sauti ishindane na injini, na kiwango hicho unakivuka bila kujua. Usikivu uliopotea namna hiyo haurudi, kwa hiyo hapa sioni anasa yoyote.

Chaji yake inakaa saa 30, na dakika 10 kwenye umeme zinakupa kama saa 5. Kwa siku za kukatika umeme hilo ni jambo kubwa. Inakunjika ikaingia kwenye begi dogo. Mdogo wake, XM5 ya 2022, haikunjiki. Ila kuna mambo mawili uyajue. Besi imezidishwa tangu kiwandani, hivyo ingia kwenye programu yake ya simu uipunguze, kanuni itajitokeza. La pili ni joto: ina gramu 254 na sponji zilizovikwa ngozi ya bandia. Mwezi wa pili Dar, nusu saa tu masikio yamelowa. Ivue, uifute kwa kitambaa kikavu, maana jasho ndilo linalobandua ile ngozi.

Ya pili ni Koss Porta Pro, na hii naipenda kwa dhati. Umbo lake halijabadilika sana tangu 1984. Inakaa juu ya sikio kwa sponji nyepesi, upinde wake ni chuma chembamba, na kando kuna kitufe cha kuchagua ibane kiasi gani. Nikiivaa usiku, dakika tano nyingi nimeisahau kichwani. Sauti yake ina uvuguvugu, mwimbaji yuko karibu, na kwa kama dola 50 sijapata nyingine inayoifikia. Mdogo wangu anayevaa hijabu anaivaa chini ya mtandio bila shida. Hizi za kufunika sikio zima zinataka zishike ngozi. Kitambaa kikipita katikati, besi inavuja. Lakini Porta Pro haizuii kelele hata kidogo, na jirani yako kwenye kiti atasikia unachosikiliza.

Ni ya waya, kwa hiyo kama simu yako haina tundu la hedifoni utahitaji adapta ya USB-C. Nunua yenye kichipu cha kubadili sauti ndani yake. Zile zisizo nacho, ukizichomeka kwenye simu nyingi, hutasikia kitu.

Kama mfuko haufiki kwa Sony na bado unataka kuzuia kelele, ya tatu ni Soundcore Life Q30 ya Anker. Saa 40 kwa chaji moja huku kuzuia kelele kumewashwa. Mwimbaji anarudi nyuma kidogo, fidla haina ule utamu, ila kazi ya njiani inafanya.

Ya nne, Audio-Technica ATH-M50x, ni ya mtu wa studio. Haina betri, ukiikata waya unabadilisha waya tu kwa sababu unachomoka, na boksini zinakuja nyaya tatu. Inabana. Ukivaa miwani, ijaribu muda mrefu kabla ya kulipa.

Sennheiser HD 600, iliyoanza kuuzwa 1997, ndiyo inayoniimbia taarab vizuri kuliko zote hizi. Nimeiweka mwisho kwa sababu iko wazi pande zote, sauti inaingia na kutoka, haikunjiki, na kwa ukinzani wake wa umeme wa omu 300 simu peke yake haiisukumi ipasavyo. Ni ya kukaa sebuleni na amplifaya.

Sasa dukani. Niliwahi kuuziwa hedifoni yenye nembo kubwa na boksi la kung’aa. Wiki ya pili upande wa kushoto ukafa. Fundi alipoifungua tulikuta kispika kidogo kama cha redio ya mkononi, na kipande cha chuma kilichogundishwa ili iwe nzito. Tangu hapo siondoki na kitu sijakijaribu. Kama ni isiyo na waya na ina programu ya simu, isakinishe ukiwa bado dukani. Ikigoma kuitambua hedifoni, rudisha. Cheza wimbo wako, siyo wa muuzaji, kwanza kwa sauti ndogo. Sikiliza kushoto na kulia. Kisha ivae dakika kumi ukiwa umesimama palepale kaunta, hata kama wanakuangalia, na udai risiti yenye namba ya bidhaa iliyo kwenye boksi.