Sindano ya vitamini D, Ruwi: nyota tatu, na ya pili sikurudi

Nilichomwa sindano ya vitamini D ya yuniti 300,000 kwenye kliniki moja hapa Ruwi, Maskati. Riali 9, kupima damu mbali. Nimengoja miezi mitatu ndipo niandike, maana wanaoandika kesho yake wanasifia dawa ambayo haijaanza kazi.

Najua mtu atacheka: kwa jua hili la Omani, unakosaje vitamini D? Basi jua lenyewe nalionea dirishani. Natoka kwenye kiyoyozi cha nyumbani, naingia cha gari, kisha cha ofisi, na buibui juu. Kiwango kilikuwa 22, na daktari anataka kisipungue 50. Mapaja yaliniuma nikipanda ngazi. Nikimaliza kusali, kunyanyuka mpaka nishike kabati.

Nesi hodari, nampa haki yake. Kile kichupa cha kahawia alikifumbata kiganjani kwanza, kwani dawa ni mafuta, na yakiwa baridi hayavutiki. Akakivunja shingo kwa kipande cha pamba, akavuta polepole, akanichoma tako, ndani kabisa. Siku mbili nilikaa upande mmoja kama abiria wa daladala.

Wiki za mwanzo sikuona kitu. Mafuta yanakaa kwenye msuli yakitoka kidogo kidogo. Dawa ya kumeza hupandisha kiwango upesi zaidi. Mwezi wa pili ndipo ngazi zikawa ngazi tu. Sasa kiwango ni 64. Uchovu uko palepale na nywele zinang'oka vilevile, kwa hiyo yule shoga yangu aliyeniahidi nitarudi usichanani, nina deni naye.

Nyota mbili nimezikata mapokezi. Wiki ya tatu walinipigia simu nikachomwe ya pili, eti kuna ofa. Damu hawajaipima tena, na kalsiamu hawakuipima hata mara moja! Vitamini hii haitoki na mkojo kama C. Hujiweka kwenye mafuta ya mwili, na ikizidi, kalsiamu hupanda damuni: kiu, kukojoa kila saa, choo kigumu, kichefuchefu, hata mawe ya figo. Kidonge utaacha kumeza. Iliyokwisha kuingia msulini utaitoaje?

Mama mkwe wangu, miaka 78, mifupa imeliwa, naye akaitaka. Nikamkatalia. Uingereza waliwapima wazee zaidi ya 9,000, wa miaka 75 kwenda juu: wengine walichomwa yuniti hizohizo 300,000 kila mwaka kwa miaka mitatu, wengine sindano isiyo na dawa. Matokeo ya 2007 yalionyesha kuvunjika mifupa hakukupungua, na wanawake waliopata dawa walivunjika nyonga zaidi kuliko wenzao wasioipata. Australia nako, 2010, mabibi waliomezeshwa 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka walianguka zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo anameza kidonge kidogo cha kila siku, baada ya kahawa. Na kila akikimeza ananitazama kama niliyemdhulumu urithi.