Mahali pa kuuzia sarafu za zamani Nairobi: kuanzia panapolipa vizuri hadi pa kuepuka

Sarafu moja inaweza kuwa na bei tatu Nairobi siku hiyohiyo: thamani iliyochapwa juu yake, thamani ya madini yaliyomo, na kiasi ambacho mkusanyaji yuko tayari kulipa ili aipate. Benki huiona ya kwanza, sonara huiona ya pili. Hasara mbaya kuliko zote ni sarafu adimu kufika kwa sonara na kuyeyushwa, kwa hiyo ijue sarafu yako kabla ya kuchagua mnunuzi.

Pima nyumbani kwanza

Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama zile za masonara. Rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, ina gramu 11.66 za fedha ya 0.917, yaani asilimia 91.7 ni fedha tupu. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya kati ya 1921 na 1946, ina gramu 7.78, lakini robo yake tu ndiyo fedha. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Sarafu za dhahabu za 1966 zenye sura ya Mzee Kenyatta zina gramu 7.6 (shilingi 100), 19 (shilingi 250) na 38 (shilingi 500), zote za dhahabu ya 0.917. Ile ya rupia 15 yenye ndovu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 chini ya Wajerumani, ina gramu 7.17 za dhahabu ya 0.750. Hii ya Tabora imeigwa sana, basi usiamini macho peke yake.

Kwa dhahabu kuna jaribio rahisi. Pima sarafu ikiwa kavu, kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, na uitumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Shilingi 100 ya Kenyatta isome karibu 0.43. Ikisoma 0.9, hiyo si dhahabu; huenda ni shaba ya njano.

Na usiisafishe. Majivu, limau, Brasso na waya wa kusugulia sufuria huacha mikwaruzo midogo ambayo mkusanyaji huiona kwa lenzi mara moja. Weusi uliotanda juu ya fedha kwa miaka mingi si kasoro; kwa wengi ni ushahidi kwamba sarafu haijaguswa. Mng'ao wa kulazimisha unaweza kupunguza bei kwa nusu au zaidi, na haurudishiki. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, wala si kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC, kwa sababu huo huacha utelezi wa kijani unaokula shaba.

1. Mnada wa nje, kwa sarafu kubwa tu

Kwa dhahabu ya Tabora, seti ya Kenyatta au riyali ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya 1299 Hijria (karibu 1882), hakuna mahali Nairobi panapoweza kushindana na mnada. Wanunuzi wa sarafu za Wajerumani wako wengi Ujerumani, na nyumba ya mnada ya Künker ya Osnabrück inajulikana huko. Kwa sarafu za Waingereza, Spink na Noonans za London ni mahali pazuri pa kuanzia.

Piga picha za pande zote mbili na ukingo, mchana, bila flashi, uzitume kwa barua pepe pamoja na uzito. Makadirio kwa kawaida hutolewa bure. Kabla ya kusaini uliza mambo manne: kamisheni ya muuzaji (asilimia 10 hadi 15 ni kawaida, na hujadiliwa), bei ya chini ambayo hawatauza chini yake, nani analipa bima na picha, na malipo yatakuja baada ya wiki ngapi. Mnunuzi naye huongezewa ada ya asilimia 20 na zaidi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, na hulihesabu hilo anapotaja bei. Kwa maoni yetu, sarafu isiyofika KSh 50,000 haifai safari hii. Ada na usafirishaji vitaimaliza.

Sheria nayo ni muhimu hapa. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Rupia ya 1888 na sarafu za Barghash zinaweza kuingia humo. Nenda ofisi za Makumbusho, Museum Hill, kabla hujamwahidi mtu yeyote. Soma pia masharti ya msafirishaji, maana kampuni nyingi za vifurushi hukataa sarafu au haziziwekei bima.

2. Mkusanyaji mwenyewe

Kwa sarafu nyingi za thamani ya kati hii ndiyo njia bora: hakuna kamisheni, na pesa hupatikana siku hiyo. Wako kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp ya wakusanyaji wa sarafu na stempu. Tangulia kutazama minada iliyokwisha ili ujue bei zilizolipwa kweli, kwa kuwa bei wanazotaja wauzaji mtandaoni ni matamanio tu. Omba ofa tatu. Na ukiwa na mkusanyiko, usikubali mtu achague mbili nzuri akuachie mabaki, labda alipe hizo mbili vizuri.

3. Wauzaji wa vitu vya kale na Maasai Market

Hawa hununua ili wawauzie watalii, basi watakupa theluthi au nusu ya bei wanayotarajia. Panafaa kwa senti zenye tundu na sarafu zilizochakaa za kuuzwa kwa fungu. Senti 5 na 10 za 1936 zenye jina la Edward VIII huwachanganya wengi: mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, lakini senti hizo zilipigwa kwa mamilioni.

4. Sonara

Apate tu dhahabu au fedha iliyotobolewa, kuunganishwa kwa risasi au kusagika mpaka haisomeki. Fanya hesabu kabla ya kuingia dukani: uzito mara usafi mara bei ya gramu siku hiyo. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1. Shilingi 100 ya Kenyatta ina gramu 6.97 za dhahabu tupu, na shilingi ya simba ina 1.94 za fedha. Sonara akitaja tola, ni gramu 11.66. Hakikisha anapima mbele yako.

Pa kuepuka

Usiende benki na sarafu ya kale. Sarafu ya Kenya inayotumika watakupa thamani iliyochapwa, basi. Na yeyote anayetangaza kununua shilingi 40 ya 2003 kwa malaki, halafu akadai "ada ya usajili" kwanza, ni mwizi. Sarafu hiyo ya Kibaki bado ni shilingi 40.

Siku ya malipo

Kutana ndani ya benki. M-Pesa hupitisha KSh 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, hivyo kiasi kikubwa zaidi kiingie moja kwa moja kwenye akaunti. Usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe. Kwa kuwa mtumaji anaweza kuomba muamala urudishwe kwa kutuma ujumbe kwenda namba 456, andikeni hati ya mauzo yenye uzito, picha, bei na sahihi zenu wawili, kisha kila mmoja abaki na nakala.