Pampu ya mkono ya kutolea upepo breki: inamfaa nani mwenye mkonga wa zamani?

Pampu tunayoizungumzia ni ile yenye umbo la bastola: saa ndogo ya kuonyesha mvuto juu yake, kikopo cha plastiki cha kunasa mafuta, mipira kadhaa ya kuona ndani na vichwa vya mpira vya kuvalisha kwenye nipeli, yaani skrubu yenye tundu ya kutolea upepo kwenye gurudumu. Huja ndani ya boksi gumu, nyingi hazina jina la maana, na kwa mtu wa Kigoma mara nyingi ni kitu cha kuagiza Dar kikaja kwa basi. Tumeipima kwa gari zinazofanya kazi kweli huku: Land Cruiser mkonga zenye injini ya 1HZ na Hilux za dizeli za miaka ya 1990, breki za diski mbele, za drumu nyuma, zilizokwisha kupita mikono mingi.

Kazi yake inaifanya. Inavuta mafuta kutoka kikopo cha masta silinda (ile inayosukumwa na pedeli) hadi kwenye gurudumu bila kumhitaji mtu wa kukaa ndani akanyage, na kwa fundi wa peke yake hiyo ni nafuu kubwa. Wasiwasi wetu ni matumaini ambayo watu wanainunulia. Breki ikiwa laini, neno la kwanza gereji ni "ina upepo hiyo, bosi", yaani hewa imenaswa ndani ya mafuta ya breki; la pili ni "ngoja tutoe". Zinamwagwa chupa mbili za mafuta, pedeli inabaki palepale, halafu mwenye gari anaambiwa akatafute masta mpya. Ukiwa na pampu utafika kwenye kosa hilohilo, ila kwa haraka zaidi na bila kumchosha utingo.

Kabla ya kufungua nipeli hata moja, kaa kwenye kiti. Washa injini, iache ingurume taratibu, kanyaga kwa uzito wa kawaida wa mguu na ushikilie kama nusu dakika. Pedeli ikizama polepole kuelekea chini, huku mafuta kwenye kikopo hayapungui na hakuna unyevu kwenye mabomba wala magurudumu, raba za ndani za masta zinapitisha mafuta. Ugonjwa huo hautolewi kwa pampu. Pedeli ikienda chini sana mara ya kwanza, kisha ukikanyaga tena papo hapo ikapanda na kukaza vizuri, angalia viatu vya nyuma, vile vinavyobana drumu kwa ndani: viko mbali nayo. Au angalia beringi za mbele. Zikilegea, diski inayumba na kusukuma pistoni za kalipa (kile kinachobana diski) ndani gari likitembea, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaishia kuzirudisha tu. Kwa gari linalopiga makorongo kila siku hilo si jambo la ajabu. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise.

Breki yenye upepo kweli ina tabia yake. Hakuna mahali inapogota. Unazidi kukanyaga, inazidi kwenda. Ukilegeza inakurudishia mguu. Ukipampu mara tatu nne inapanda, lakini juu huko bado inabonyea. Pedeli kushuka kidogo pale unapowasha injini ni busta, kile kisaidizi cha mguu kinachotumia vakyumu, inaanza kusaidia, usiiandikie ugonjwa. Hata pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya alteneta kwenye dizeli hizi ikifa, pedeli inakuwa ngumu, hailainiki.

Kipimo kingine hakigharimu chochote. Fungua kifuniko cha masta, mtu akanyage mara kadhaa, ashikilie, kisha aachie ghafla. Mafuta kutikisika kidogo ni kawaida. Yakiruka juu kama chemchemi, kuna hewa iliyobanwa mahali fulani ambayo imepata nafasi ya kutanuka. Vaa miwani, na tandika kitambaa chenye maji juu ya bodi, kwa sababu mafuta ya breki yanabandua rangi.

Kifaa tunachokipa alama za juu kuliko pampu yenyewe ni vibano vya mipira ya breki. Mkonga ina mipira mitatu inayopinda: mmoja kwa kila gurudumu la mbele na mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Ibane yote mitatu, kanyaga. Pedeli ikisimama juu na kuwa ngumu, masta na mabomba ya chuma hadi hapo ni mazima, hakuna sababu ya kuyagusa. Sasa fungua kibano kimoja kimoja, ukikanyaga kila baada ya kufungua. Ule mpira ambao ukiuachia pedeli inaanguka, ndio unaokuelekeza kwenye tatizo.

Mara nyingi kinachoiangusha ni kibano cha nyuma. Hapo usikimbilie nipeli. Kaza ajasta (virekebishi) za viatu mpaka magurudumu ya nyuma yagome kuzunguka, rudi ukanyage. Pedeli ikiwa nzuri, ulikuwa unahitaji kurekebisha viatu tu: legeza ajasta mpaka gurudumu lizunguke likiwa linasikika kukwaruza kwa mbali, basi. Ikiwa bado inabonyea, fungua drumu utazame viatu vinagusa wapi. Drumu iliyolika ikawa pana, ukaifungia viatu vipya, inaguswa katikati tu. Ukikanyaga kiatu kinapinda kufuata umbo la drumu na mguu wako unahisi ulaini uleule wa upepo. Ukubwa wa mwisho unaoruhusiwa umechapwa kwenye drumu yenyewe. Kwa Toyota hizi ni milimita 2 tu zaidi ya upana wa mpya, kwa hiyo jicho halitoshi, inatakiwa kipimio cha venia.

Tahadhari moja kuhusu vibano: viwe na midomo ya mviringo. Praisi ya meno inakata nyuzi za ndani ya mpira na utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Mpira wenye nyufa usiubane kabisa, utoe uweke mpya. Na kabla hata ya kubana, mwambie mtu akanyage huku wewe umeshika mpira kwenye kiganja: unaovimba ukausikia, huo ndio unaokula mwendo wa pedeli, na hakuna pampu ya duniani itakayouponya.

Umebana yote na pedeli bado laini? Hapo ndipo masta inaingia kwenye mazungumzo. Fungua mabomba yake, ziba matundu kwa plagi za uzi wa M10 kwa 1.0, ambao ndio wa Toyota, kisha kanyaga. Ikigota juu, masta ni nzima na hewa iko kwenye mabomba. Ikibonyea, ina hewa ndani au imekwisha. Masta mpya iliyofungwa ikiwa kavu ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya "nimebadilisha na bado". Inatakiwa ibanwe kwenye vaisi kwanza, ijazwe mafuta, vimipira viwili vitoke kwenye matundu yake na kurudi ndani ya kikopo vikiwa vimezama, na pistoni isukumwe taratibu kwa bisibisi mpaka mapovu yaishe. Ndipo iende kwenye gari.

Tukubali sasa kwamba umethibitisha ni upepo. Hapa pampu inastahili bei yake. Anza kwa kunyonya mafuta machafu yote ya kwenye kikopo cha masta na kufuta tope la chini. Hakuna kifaa kingine kinachoifanya kazi hiyo kwa usafi namna hii. Jaza mapya. Kwa gari la usukani wa kulia anza gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Kama ile valvu ya mzigo iliyo juu ya ekseli ya nyuma ina nipeli yake, itoe upepo nayo; wengi wanaipita bila kuitazama. Gari lisikae na ekseli ikining'inia, kwa sababu valvu hiyo inadhani gari ni tupu na inabana mafuta ya kwenda nyuma. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe.

Spana iwe ringi, ya 8 au 10 kulingana na nipeli. Vuta pampu kwanza mpaka sindano ya saa yake ipande, halafu fungua nipeli robo mzunguko, na uifunge kabla sindano haijarudi sifuri. Kikopo cha pampu ni kidogo, hakifiki robo lita, lakini cha masta nacho si kikubwa: ongeza mafuta kila kikopo cha pampu kinapojaa nusu. Ukiiacha masta inywe hewa, unaanza upya. Kwa mfumo mzima uliokuwa na mafuta meusi, andaa lita moja.

Kasoro kubwa ya pampu hizi ni mapovu yasiyokwisha. Ukivuta, hewa ya nje inapita kwenye uzi wa nipeli uliolegezwa na kuingia kwenye mpira wa kuona ndani, nawe unadhani inatoka kwenye breki. Mtu anaweza kumaliza lita nzima akifukuza mapovu anayoyatengeneza mwenyewe. Zungushia uzi wa nipeli utepe mweupe wa mafundi bomba mara mbili, ukiacha ncha safi kabisa, na mapovu yatapungua mara moja. Uthibitisho wa mwisho ufanye kwa mguu: mtu akanyage, wewe fungua na ufunge, mikanyago miwili kwa kila gurudumu. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike sakafuni. Kwenye masta ya zamani, sehemu ya mbele ya silinda haijawahi kuguswa na raba, ina kutu, na mkanyago mmoja wa kufika chini unatosha kuzichana.

Kasoro ya pili ni ya kimaumbile. Pampu inategemea uzito wa hewa tu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya Dar, na Kasulu ni nyepesi zaidi. Sindano isipofika ile namba iliyoandikwa kwenye boksi, si lazima pampu iwe mbovu. Kwenye drumu kuna jingine: raba za wili silinda, zile silinda ndogo zinazosukuma viatu, zimetengenezwa kuziba msukumo wa kutoka ndani. Ukizivuta kwa nguvu, zilizochoka zinaweza kuruhusu hewa iingie. Kwa nyuma ya gari kuukuu tunapendelea mguu wa mtu kuliko pampu.

Na kuna hewa ambayo haitatoka kwa njia yoyote. Kalipa za mbele zikibadilishwa kushoto kwa kulia, nipeli inabaki chini, na hewa iliyo juu ya tundu inakaa hukohuko. Nipeli lazima iwe juu ya mpira wa kuingizia mafuta. Gari lililotoka kufungwa kalipa za mtumba, hilo litazame kabla ya lolote.

Pampu haisemi lolote kuhusu mafuta unayoyapitisha, na hapo ndipo kazi nyingi zinaharibikia. DOT ni daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye chupa. Mafuta ya DOT 3 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya unyevu wa kiasi cha asilimia 3.7 yanashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Gari lililoshuka na mzigo kutoka Kasulu kuja ziwani, pedeli ikalainika njiani, kisha asubuhi ikaamka nzima, limechemsha mafuta. Upepo wa kutoa hautauona, umeshageuka kuwa maji tena. Badilisha mafuta yote, kila miaka miwili, na usinunue chupa iliyokatwa muhuri hata kama muuzaji ni ndugu yako. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi.

Aliyejazia oili ya injini au ya stelingi kwa kukosa mafuta ya breki ameua raba zote. Dalili ni mpira wa ndani ya kifuniko cha masta: umevimba na kujikunja, haurudi kwenye nafasi yake. Gari hilo halihitaji pampu, linahitaji raba za masta, wili silinda, kalipa na mipira yote mitatu, na mabomba kuoshwa kwa spiriti.

Ukiamua kununua, chukua yenye mwili wa chuma. Zile za plastiki zinapasuka kwenye mshikio. Ijaribu hapohapo kaunta: ziba mdomo wa mpira kwa dole gumba, vuta sindano ifike nusu, subiri dakika moja. Ikishuka, rudisha. Hakikisha boksi lina mpira wa akiba wa kifuniko cha kikopo, maana ndio unaokufa mwanzo na haupatikani peke yake. Mwenye gari moja atumie hela yake kwanza kwa vibano vitatu na lita ya DOT 4. Gereji inayopokea gari kila siku, inunue vyote.