Kisanduku cha hadithi kwa mtoto wa Kihispania na Kiingereza: nimekaa nacho miezi minane

Mimi ni mlezi wa mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu. Mama yake huzungumza naye Kihispania, baba yake Kiingereza, nami Kiingereza pia. Kwa hiyo mchana kutwa Kihispania hakina mtu nyumbani mpaka mama arudi kutoka kazini.

Miezi mitatu baada ya kuanza chekechea, mtoto alianza kumjibu mama yake kwa Kiingereza. Akiulizwa «¿Dónde están tus zapatos?» anaelewa vizuri, viatu anavileta, ila kinachotoka mdomoni ni Kiingereza. Jioni moja alimwambia mama yake aache «kuongea vile». Nilikuwa chumba cha pili nikasikia jinsi mama alivyonyamaza. Alijiona ameshindwa. Lakini jambo hili ni la wengi: mtafiti Annick De Houwer alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa familia karibu 2,000 za Flanders, Ubelgiji, ambazo angalau mzazi mmoja alizungumza lugha nyingine nyumbani mbali na Kiholanzi. Katika robo hivi ya familia hizo, watoto hawakuizungumza lugha ile ya pili. Mzazi kuwa na lugha si hakikisho kwamba mtoto ataisema. Wiki ileile kisanduku kikaagizwa.

Kwa asiyekijua: ni spika ndogo ya mtoto, haina skrini, ina vitufe viwili vya kuzungusha na tundu la kupachika kadi. Kila kadi ina hadithi au nyimbo zake. Mtoto akiipachika, inasoma, akiichomoa, kimya. Sitaji kampuni, kwa kuwa ziko kadhaa zinazotengeneza vitu vya namna hii na mengi ninayosema yanahusu aina yenyewe.

Kwa uimara, sina la kulalamika. Kimeporomoka ngazi mara mbili na bado kinasema. Betri hudumu siku nzima. Kadi ikisha kupakuliwa mara ya kwanza kwa intaneti, husomwa baadaye hata mtandao ukikatika. Na mtoto anakiendesha mwenyewe bila kumwomba mtu mzima, jambo ambalo kwangu lina thamani kubwa, kwa sababu anachokichagua mwenyewe hukirudia mara kumi.

Tatizo ni kadi zilizokuja nacho. Kifungashio kiliandikwa «Kihispania» tu. Zilipowekwa, tukakuta ni Kihispania cha Uhispania: kuna vosotros (ninyi), z inatamkwa ulimi ukiwa kati ya meno, gari ni coche. Kwa mama yake «ninyi» ni ustedes, z husikika kama s, gari ni carro. Vyote ni Kihispania safi, na mtoto mkubwa atafaidika kusikia vyote. Lakini huyu tayari alikuwa anakikataa cha mama yake, kisha kisanduku kikaja kumsemesha kwa namna ambayo hakuna mtu wa kwao anayosema. Aliniuliza nani anaongea hivyo, nami sikuwa na jibu. Kuongeza neno moja kwenye kifungashio, la kueleza Kihispania cha wapi, hakungemgharimu mtengenezaji chochote. Tena wasomaji wana haraka, na hakuna namna ya kupunguza kasi. Kadi nne kati ya sita zilikwisha kusahauliwa kufikia wiki ya pili.

Mbili zilizobaki alizipenda. Alizisikiliza, akacheka palipo na kichekesho, kwa hiyo alielewa. Lakini wiki tatu zikapita hajatamka neno.

Hapo mama yake akaniletea maelezo ya jaribio la Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, la mwaka 2003. Waliwachukua watoto wachanga wa Marekani wa miezi 9 wakawapa Kichina cha Mandarin vipindi 12, kila kimoja dakika 25 hivi. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekuwa pale chumbani walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliopewa watu walewale kwa video, au kwa sauti pekee, hawakuambulia kitu. Wetu si mchanga tena, na jaribio lile lilihusu kusikia sauti, si kuzungumza. Hata hivyo nilipomaliza kusoma nilikitazama kisanduku kwa jicho jingine. Tulikuwa tumempa mtoto sauti isiyomngojea ajibu.

Sasa nifike kwenye kinachonifanya niandike. Ndani ya boksi kulikuwa na kadi moja tupu ya kurekodi sauti yako mwenyewe kupitia programu ya simu. Tuliidharau, ikakaa kwenye droo mwezi mzima. Mama akamtumia bibi wa mtoto, msemaji wa Kihispania, maelekezo, naye akarekodi kwa simu yake hadithi ya mbwa aliyepotea. Hakuisoma popote, aliitunga. Katikati anakohoa, mlango unasikika ukifungwa, na kila baada ya muda anasimama na kuuliza: «¿Y dónde está el perro?», na mbwa yuko wapi? Kisha ananyamaza. Ananyamaza kweli, sekunde nyingi, kama anavyomngojea mjukuu akiwa naye ana kwa ana.

Siku ya kwanza mtoto alisikiliza tu. Siku ya pili, kwenye kimya kile, akajibu kwa Kiingereza. Siku ya nne nilikuwa nakunja nguo nikamsikia akisema «debajo de la cama», chini ya kitanda. Niliacha nguo nikakaa. Jumapili bibi alipopiga simu, aliuliza swali lilelile, na mtoto akamjibu vilevile, akaongeza na rangi ya mbwa. Bibi akabadilisha hadithi kufuata rangi ile, akarekodi upya. Tangu hapo kila wiki mbili kuna sehemu mpya, na mtoto ndiye anayeamua mbwa amekwenda wapi.

Nami nikapata kazi yangu. Kihispania sikukijua, lakini irabu zake ni tano na hutamkwa kama zetu, hivyo kijitabu cha kadi nilikisoma kwa sauti bila taabu. Nikakuta mesa ni meza, zapato ni sapatu. Sisi tuliyapata kwa Wareno. Nikawa namwomba mtoto anieleze bibi amesema nini. Kunifundisha mimi kulimtoa maneno mengi kuliko swali lolote la «hili linaitwaje?» Ninapotamka vibaya rr, r ile ya kutetemesha ulimi, hunisahihisha, ingawa na yeye bado haijakaa: perro ikimshinda hutoka pelo, mbwa akawa nywele. Mtaalamu wa matamshi alimwambia mama yake asiwe na wasiwasi, rr huchelewa hata kwa watoto wasiojua lugha nyingine. Vivyo hivyo na «sabo» anayosema badala ya «sé», yaani najua. Mtoto amefuata kanuni ya vitenzi vingine, tatizo ni kitenzi chenyewe kutofuata. Mama yake hamkatizi, humrudishia tu sentensi ikiwa sawa na mazungumzo yanaendelea.

Kasoro za kadi ya kurekodi zipo. Sauti yake ni ndogo kuliko ya kadi za dukani, basi unakipandisha kisanduku kwa ajili ya bibi, halafu mtoto anabadilisha kadi na nyumba inalipuka kelele. Kikomo cha sauti kipo ndani ya programu, kimefichwa, weka siku ya kwanza. Rekodi moja ilipotea wakati wa kupakia. Huduma kwa wateja walijibu kwa adabu baada ya siku tano kwamba hairudi. Hifadhi nakala kwenye simu. Na kadi za Kiingereza tumeziweka chumbani kwa baba, zinatumika akiwepo, maana zikikaa pamoja mtoto hachukui za Kihispania. Kiingereza chake hakijapungua hata kidogo. Chekechea kinatosha kabisa.

Kama unanunua kwa ajili ya hadithi zilizo tayari, ukitumaini mtoto ataanza kuzungumza, ningekushauri usubiri. Kama una bibi, babu, shangazi au rafiki anayeijua lugha na yuko radhi kurekodi dakika kumi, nunua, na uulizie kwanza kama kadi tupu imo ndani au inauzwa pembeni.

Juzi mtoto alitaka kurekodi yeye. Akamsimulia bibi dakika tatu, mbwa amepanda treni, na alipojiuliza mwenyewe mbwa yuko wapi, akajibu «no sabo», akanyamaza kumngojea bibi. Mama yake alituma kama ilivyo.