NeXTstation kwa kusikiliza muziki: msidanganywe kama mimi

Jamani naombeni niseme maana hili limenikaa rohoni. Ukikuta NeXTstation, ile kompyuta ya zamani ya kampuni ya NeXT, inauzwa na mtu anakwambia inapiga muziki wote mpaka MP3, usitoe hela yako. Mimi nilitoa. Na nilimuuliza muuzaji mara mbili kabisa, akasema we weka wimbo utasikia mwenyewe.

Haya nikaweka. Ukapiga kama sekunde moja, ukakata, kimya, ukarudi na kipande cha neno, ukakata tena, yani mwimbaji anavunjwavunjwa neno moja mara tatu, na mshale wa mausi nao umeganda hapo hapo kwenye skrini. Nikamwandikia yule muuzaji kwa heshima zote. Jibu lake: "Tatizo ni wewe, hujui kompyuta." Basi!

Hapo ndo nilipopandwa na hasira, kwa sababu najua kabisa tatizo ni nini. Hii ni mashine ya 1990, prosesa yake 68040 ya megahezi 25, MP3 yenyewe ilikuwa haijaingia mtaani. Kulifungua faili lililobanwa hivyo huku wimbo unaendelea, stereo, ubora kamili, haiwezi, hata uibembeleze vipi. Sasa kama alijua, kanidanganya. Kama hakujua, aliandikaje vile kwenye tangazo lake?

Nikatafuta boksi nimrudishie mzigo wake. Ila usiku huo nikasema ngoja nijaribu kitu kimoja, nikaufungua wimbo kwenye laptop yangu, ukawa sampuli mbichi kama za CD, yani namba za sauti zisizobanwa, biti 16, 44,100 kwa sekunde, nikauhamishia kwenye NeXT. Mara ya kwanza shaaaaa, kelele tupu kama redio iliyopoteza stesheni, nikavua hedfoni mbio. Kumbe baiti zimekaa kinyume, laptop inatanguliza baiti ndogo, NeXT inataka ile kubwa kwanza. Nikazigeuza, nikaandika sndplay, amri ya NeXT ya kupiga sauti, na jina la faili.

Weee! Sikutegemea. Besi imetulia, unasikia mpaka vidole vya mpiga gitaa vinavyoteleza kwenye nyuzi, haikati hata kidogo, na mausi inatembea vizuri tu maana hapo prosesa haina kazi ya kufumbua chochote, inapitisha namba tu. Nilirudia wimbo ule ule sijui mara ngapi. Sauti unapandisha kwa kitufe cha kwenye kibodi, hedfoni unachomeka kwenye skrini, nimependa sana hiyo.

Shida ni nafasi. Dakika moja inakula megabaiti kama 10, diski ya zamani inajaa kwa nyimbo chache tu. Mimi sasa nyimbo zinakaa kwenye laptop, NeXT inazivuta kwa waya wa mtandao kupitia NFS, njia ya kusoma mafaili yaliyo kwenye kompyuta nyingine, na hata ethaneti yake ya megabiti 10 inatosha kabisa.

Kwa hiyo nimesema usinunue... mmh, kama uko tayari kuhangaika hivyo, nunua, mimi yangu sirudishi tena. Lakini yule muuzaji simsamehi, juzi nimeona kaweka tangazo jingine, maneno yale yale. Ukikutana na mtu wa hivyo mwambie apige MP3 mbele yako, wimbo mzima, mpaka mwisho.