Riale ya Maria Theresa inayopigwa Vienna leo: inunue, ila si kwa bei ya kale

Kiwanda cha sarafu cha Austria, Münze Österreich, bado kinauza riale ya Maria Theresa, ile iliyozunguka Zanzibar, Oman, Yemen na Uhabeshi. Mwaka ulioandikwa ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo aliyetawala Austria, na kila riale iliyopigwa baadaye imebaki na mwaka huohuo. Tarehe basi haikuambii umri wa sarafu, na wauzaji wajanja wanaishi hapo.

Kama bidhaa, haina la kulalamikia. Uzito ni gramu 28.07, upana karibu milimita 40, fedha sehemu 833 kwa 1000 na zilizobaki shaba. Fedha tupu iliyomo ni aunsi 0.752: zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo, upate thamani ya madini. Ukiambiwa bei ya mara mbili au tatu ya hapo kwa sarafu inayometa, unauziwa hadithi.

Faida yake kubwa kwa mkusanyaji ni kuwa kipimo cha kulinganishia. Chukua ya daraja la kawaida, si ile iliyong'arishwa kama kioo. Hiyo ya kioo ikiguswa na kidole tu alama inabaki, na wewe unataka sarafu ya kushika.

Weka ya Vienna kando ya unayotaka kununua, anza na ukingo. Lazima usomeke IUSTITIA ET CLEMENTIA kwa herufi zilizoinuka, na mapambo katikati ya maneno. Bandia za kumimina kwenye kalibu hukwama hapa: herufi zimevimba, au kuna mshono unaozunguka ukingo wote. Kisha mizani ya kusoma gramu 0.01. Iliyochakaa kwa kupita mikononi hupungua kidogo. Iliyozidi gramu 28.1 iogope.

Uzito peke yake hautoshi. Weka glasi ya maji juu ya mizani, isome sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa kuta wala chini. Halisi itasoma karibu 2.75. Shaba iliyochovywa fedha yenye uzito uleule itasoma 3.1 au zaidi. Pangusa mapovu ya hewa kwanza, maana nayo hupandisha namba. Sumaku inakamata chuma tu. Bandia nyingi ni za shaba, zinapita bila wasiwasi.

Sasa aina za upigaji, ambako ndiko kwenye utamu. Herufi S.F. chini ya kifua ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha sarafu cha mji wa Günzburg, Ujerumani ya leo. Zilinakiliwa na karibu kila aliyekuja nyuma, kwa hiyo kuziona hakuthibitishi Günzburg. Karne ya 19 zilipigwa Vienna, Prague, Milan na Venice. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, alichukua mihuri ya kupigia, Roma ikaanza; kuanzia 1936 London ikazipiga pia, zikafuata Paris na Brussels, na Bombay wakati wa vita. Tazama kwa lenzi ya mara 10: lulu za pambo la begani (za leo ni tisa), manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili, na umbo la msalaba wa X baada ya 1780. Ni vidokezo hivyo kwa pamoja vinavyotofautisha mihuri. Kimoja kikikosekana, usimlipe mtu ziada kwa neno "Roma" lililoandikwa kwenye karatasi.

Za Yemen na Uhabeshi nyingi zilivaliwa shingoni. Ukikuta doa la kulehemu juu ya kichwa cha malkia, au tundu lililozibwa, bei ishuke hadi ya madini. Chapa ya Hijaz (eneo la Makka na Madina) iliyogongwa juu ya sarafu nayo iangalie vizuri: bandia zake zimejaa sokoni, na kingo zake huwa kali wakati sarafu yenyewe imelainika.

Usizisugue kwa dawa ya meno wala majivu. Hewa ya pwani inazitia weusi, sawa, lakini weusi huo haupunguzi bei; mikwaruzo inapunguza. Kasha la plastiki gumu la milimita 41 linazitosha. Vile vifuko laini vya plastiki ya PVC viache dukani, vinatoa uchafu wa kijani unaokula shaba iliyomo.