TAHADHARI: Hiyo "AC isiyotoboa ukuta" ya Kariakoo ni feni ya maji, imenila laki tatu na nusu

Jamani wiki ya tatu hii nakaa na hili jambo moyoni naona aibu kulisema, ila jana nimekuta muuzaji karusha tena video yake ya hiyo AC na watu wanaulizia bei, nikasema hapana, acha nionekane mshamba lakini mtu mwingine asiingie.

Chumba changu mnakijua, bati liko utosini na dirisha moja. Mwenye nyumba wangu pia mnamjua, msumari tu ni kesi sembuse kutoboa ukuta. Na mtoto mliona alivyojaa vipele vya joto. Sasa mtu anakuja anakwambia kuna AC haina mashine ya nje, haitoboi ukuta, inakula umeme kama feni, na AC ya kawaida nilishaulizia pamoja na fundi ni zaidi ya laki nane, we ungefanyaje?

Nikaenda mwenyewe Kariakoo, sikutuma mtu. Saa saba mchana, nimeshuka mwendokasi nimetembea juani gauni limeganda mgongoni. Kuingia tu dukani yule kaka akanipokea vizuri, karibu dada yangu, pole na jua, akanipa kiti na maji ya kunywa. Akaiwasha, akafungua kidroo cha nyuma akamimina maji na vipande vya barafu, akaniambia sogea dada weka uso hapa. Nikaweka. Wallahi ulikuja ubaridi mpaka nikafumba macho. Akaniuliza "unasikiaje?" nikasema nasikia baridi, akacheka akasema hiyo nimeweka namba moja tu. Hapo nilikuwa nishaisha. Kumbe juu ya kichwa changu, nyuma ya maboksi, kuna AC ya ukutani inafanya kazi muda wote! Niliiona wakati natoka ila akili yangu haikuunganisha. Na mtu aliyeloa jasho hata ukimpepea kwa kipande cha boksi atasikia baridi, hilo nalo nimekuja kulijua baadaye.

Na msidhani nilikurupuka. Wifi yangu yuko Dodoma anayo kama hiyo hiyo, nililala kwake mwezi wa kumi mwaka jana, usiku tulivuta shuka. Kwa hiyo niliyoyasikia kwa mwili wangu ndiyo yaliyonifanya nitoe hela. Nikamwambia yule kaka kabisa mimi nakaa Mbagala, chumba kidogo, nina mtoto. Akajibu "hapo ndo penyewe, funga dirisha na mlango ubaridi usitoke". Nikalipa 350,000 kwa simu, hela ya kikoba ile niliyokuwa naipangia mambo mengine, mnayajua.

Usiku wa kwanza tukafunga kama alivyosema. Saa moja ya mwanzo angalau kaupepo. Kufika saa sita usiku chumba kimekuwa kama sufuria ya wali iliyofunikwa, shuka linanata, kuta zinatoka jasho, mtoto analia. Kisaa changu cha mezani kinaonyesha joto limeshuka nyuzi moja tu, toka 31 mpaka 30, lakini mwili unasikia bora lile la kwanza. Siku ya nne chumvi imeyeyuka kwenye kopo, nguo za kabatini zinanuka uvundo, mtoto kaanza kukohoa.

Nikamwita fundi friji wa mtaani kwetu, akafungua mfuniko hata dakika tano hazikufika. Akanionyesha: feni, kapampu kadogo ka kupandisha maji, na pedi kama maboksi yenye matundu. Basi. Hakuna kompresa, ile mashine ya kusukuma gesi inayopoza, na gesi yenyewe hakuna. Akaniambia dada hii inafanya kazi kama mtungi wa bibi, maji yakikauka ndo yanaondoka na joto, na yanakauka pale hewa ilipo kavu. Dodoma, Singida, kiangazi, inapoza vizuri sana tena ukiwa umefungua dirisha ile hewa yenye maji itoke. Dar hewa imeshashiba unyevu wa bahari, maji yatakauka yaende wapi? Na mimi nimefungiwa ndani na mvuke wangu mwenyewe kwa maelekezo ya muuzaji!

Kwa hiyo wifi hakukosea na kifaa chenyewe sio kibovu. Mwizi ni yule aliyejua nakaa Mbagala na bado akaita feni AC.

Nilimrudishia siku ya tano kwenye boksi lake. Yule yule wa "karibu dada yangu" akanionyesha karatasi aliyoandika kwa peni, mali ikiuzwa hairudi, akamwambia kijana wake "mtoe huyu". Mbele za watu. Saa hiyo hiyo kaniblok. Risiti ya mashine hakunipa, kwa hiyo TRA nao anawaibia kodi. Afungiwe lile fremu, alale ndani hata wiki, alipe kila mama aliyemtoa machozi, mi sitaki pole yake nataka hela yangu na nataka wateja wake wamuone akipandishwa kwenye difenda.

Mkienda kununua angalieni, AC haiwekewi maji, yenyewe ndo inatoa maji. Boksi la kwangu limeandikwa wati 80 na hakuna BTU (kile kipimo cha nguvu ya AC kupoza) popote, na nililibeba kwa mkono mmoja, kompresa ina uzito jamani. Hata zile AC za kusukuma zina bomba nene la kutolea joto dirishani.

Jina la duka siweki hapa mpaka nifungue kesi, nimeshauriwa hivyo. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo kituo cha Msimbazi, halafu naenda Tume ya Ushindani. Kama na wewe ulinunua kwake njoo inbox na muamala wako, tukiwa watano hatasema mmoja kaharibu mwenyewe.